Haki ya Kumkataza Mwenye Njaa

Liko swali moja ambalo watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hawana budi kulijibu, wapende wasipende. Mtu mwenye njaa ashika shoka, apanda mlimani kukata mti apate kuchoma makaa. Au achukua wavu na taa, aingia ziwani usiku kutafuta dagaa. Akitokea mtu mwingine akamwambia, "Usikate," au, "Usivue," je, huyo mwenye kukataza ana haki? Na kama anayo, aliipata wapi? Siulizi habari ya sheria tu, maana mtu aweza kuwa na sheria mkononi na bado akawa mdhalimu. Nauliza habari ya ile haki ambayo hata mwenye kukatazwa, akiisha kutulia na kufikiri, aweza kuikiri mwenyewe.

Atakaye kulielewa swali hili na apande chombo pale Kibirizi, kando ya mji wa Kigoma, aelekee kaskazini akiifuata nchi kavu. Upande wake wa kulia ataona milima iliyoshuka kwa ghafula mpaka majini, na vijiji vimebanwa katika vipande vidogo vya tambarare, pale vijito vinapoingia ziwani. Mahali pengi miteremko hiyo imelimwa muhogo hata juu kabisa, na ardhi nyekundu yaonekana kama jeraha. Akiisha kupita Mtanga, ghafula ataona msitu. Hapo ni Gombe. Mahali hapo palitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943, na mwaka 1968 pakafanywa Hifadhi ya Taifa. Akiendelea mbele atatoka tena katika msitu, afike Mwamgongo, na milima ya nyuma ya kijiji imelimwa tena. Mtu hahitaji elimu kubwa kuona mpaka ulipo.

Watu wengi hudhani ya kuwa mlima ni wa mkulima na ziwa ni la mvuvi, nao wawili hao hawana neno kati yao. Sivyo. Mteremko ukiisha kuvuliwa miti, mvua haizami ardhini kama zamani. Huteremka kwa nguvu ikiuchukua udongo, na kijito kilichotiririka mwaka mzima hufurika masika na kukauka kiangazi. Udongo ule hufika ziwani ukatanda juu ya mawe ya karibu na nchi kavu. Basi samaki wengi wa mawe hula uoto mwembamba wa kijani ulioshika juu ya mawe hayo, tena hujificha na kuzaa katikati yake. Mawe yakifunikwa na tope, nyumba yao na meza yao vimekwisha. Dagaa na migebuka, waishio mbali katika maji mengi, hawaumizwi sana na tope hilo. Wao wana adui zao wengine, nami nitawataja mbele. Lakini twaona ya kuwa mkulima wa juu, ambaye labda hajashika kasia maisha yake yote, aweza kumpunguzia jirani yake kitoweo, wala wawili hao wasijuane hata kwa sura.

Jibu la kwanza tunalolisikia barazani juu ya swali letu ni hili: mwenye njaa hakatazwi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi na anyamaze. Jibu hili lina nguvu, wala si vema kulipuuza, maana mara nyingi waliokuja kuwakataza watu kukata miti ni watu waliokwisha kula. Walakini nataka tuitazame mithali yenyewe. Yasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa; haisemi neno juu ya mwenye njaa wa mlimani na mwenye njaa wa bondeni. Yule mama wa bondeni, ambaye kijito chake kimekauka na shamba lake limefunikwa na mchanga, yeye hana shibe yo yote. Akipanda mlimani na kusema, "Ndugu yangu, mti huu unaoukata ndio maji yangu," hatuwezi kumfukuza kwa mithali ile. Njaa ya mmoja ikiwa hoja, njaa ya wa pili nayo ni hoja.

Tena liko jambo jingine linalosahauliwa. Mchoma makaa hachomi makaa kwa ajili ya meko yake. Yeye kwake hupikia kuni. Gunia lile hushuka mjini, hupikia chai na wali wa watu wenye mishahara, na labda wa mwalimu. Kisha wenye mishahara hukaa na kusema kwa huzuni ya kuwa watu wa vijijini waharibu nchi. Mimi sioni haki katika lawama ya namna hiyo. Kama kuna deni, basi aliyekula naye anadaiwa, wala si aliyebeba mzigo peke yake.

Jibu la pili ni la amri. Wasema: watu hawajui faida yao, na wakatazwe kwa nguvu, watashukuru baadaye. Hapa Gombe yenyewe ni shahidi, lakini shahidi wa pande mbili. Ni kweli kwamba pasipo amri ile ya 1943 na ile ya 1968, labda leo pasingekuwa na mti wala sokwe. Lakini amri ile ilishika mahali padogo tu, na nje ya mpaka watu waliendelea kuongezeka na mashamba kupanda juu. Jane Goodall, yule mwanamke Mwingereza aliyefika Gombe Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na ambaye alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, alisimulia mara nyingi jinsi alivyoruka kwa ndege ndogo juu ya nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliona msitu wa Gombe umebaki kama kisiwa, na pande zote milima mitupu. Akafahamu ya kuwa watu wale walikuwa wengi kuliko nguvu ya ardhi yao, tena maskini mno kununua chakula mahali pengine. Mtu aweza kuweka askari mpakani, lakini hawezi kuweka askari nyuma ya kila mti wa kila kijiji, na kama angeweza, nani angewalisha askari hao?

Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha kazi iitwayo TACARE katika vijiji 12 vya jirani na Gombe. Nia ya mwanzo ilikuwa miti. Lakini wale waliotumwa vijijini, nao walikuwa Watanzania, hawakuanza na miche. Walianza kwa kuuliza: ninyi wenyewe mwahitaji nini? Majibu hayakuwa miti. Watu walisema chakula, afya, shule za watoto wao. Ingalikuwa rahisi kusema, "Hayo si kazi yetu, sisi tumeletewa fedha za miti." Badala yake walishika yale waliyotajiwa, wakishirikiana na wakuu wa wilaya: zahanati, maji, madarasa. Baadaye zikaja bustani za miche, miti ikuayo upesi iliyopandwa karibu na nyumba ili wanawake wasiende mbali kutafuta kuni, mikopo midogo ya wanawake kwa mfano wa Benki ya Grameen ya Bangladesh, na msaada wa karo kwa wasichana.

Nataka tukae kidogo hapa, maana naona ya kuwa moyo wa swali letu umo katika tendo hili dogo la kuuliza. Mtu aweza kudhani kuuliza ni adabu tu, kama kubisha hodi. Lakini kubisha hodi hakumfungi mgeni kwa lo lote, na kuuliza kwamfunga. Ukimwuliza mtu, "Wahitaji nini?" naye akakujibu, "Dawa," huwezi tena kumwambia siku ya pili, "Panda miti," kana kwamba hukusikia. Umejitia katika deni. Na yeye aliyeulizwa amekwisha kukubali pia neno moja bila kulitamka, ya kwamba mambo ya kijiji ni ya kusemezana, na ya kuwa zamu yake ya kuulizwa itakapopita itakuja zamu yake ya kusikia. Ndipo mama wa bondeni apatapo nafasi ya kusema habari ya kijito chake. Kwa hiyo mimi nasema ya kuwa haki ya kukataza haitoki katika elimu ya mwenye kukataza, wala katika bunduki yake. Hutoka katika mambo mawili: kwanza, aliyekatazwa awe alikuwa na sauti katika kulifanya katazo; pili, mahali pa kile alichonyang'anywa pawe pamewekwa kazi au chakula. Jambo moja bila la pili halitoshi.

Sheria za nchi zimefungua mlango kwa jambo la kwanza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliiweka ardhi ya kijiji chini ya uangalizi wa Halmashauri ya Kijiji, nayo yapaswa kuurudia Mkutano Mkuu wa Kijiji katika mambo makubwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikawapa wanakijiji ruhusa ya kutenga msitu wao wenyewe, kuutungia sheria ndogo, na kuulinda. Vijiji kadhaa vya Kigoma vimefanya hivyo: vimechora mipaka ya makazi, ya mashamba, na ya msitu, vikachagua walinzi kutoka katikati yao. Na kwa bahati njema nchi yenyewe ina subira kuliko sisi. Mahali pengi miti iliyokatwa haikufa. Visiki viko hai chini ya ardhi, vikiachwa bila shoka na bila moto huchipua, na baada ya miaka michache mtu huona kijisitu mahali ambapo hakuna aliyepanda hata mche mmoja.

Lakini tusijidanganye kwa neno hili "kijiji." Mkutano Mkuu ukikaa chini ya mwembe, si kila mtu hukaa mahali pamoja. Mwenye shamba kubwa na duka husimama akasema kwa kirefu. Mchoma makaa hukaa nyuma, na labda siku hiyo hakuja kabisa, kwa kuwa ndiyo siku ya kushusha makaa. Mjane husikia habari jioni kwa jirani. Mkutano ukiamua kwa sauti moja kuufunga msitu, nayo ile sauti moja ni ya watu ambao hawakuutegemea msitu kwa chakula cha kila siku, basi kijiji kimetenda jambo lile lile ambalo kiliwalaumu watu wa mjini kwa kulitenda. Wengi wamewakataza wachache, wala hawakuwauliza. Ndiyo maana mimi siridhiki na hesabu ya mikono iliyoinuliwa. Kabla ya kuhesabu mikono, na aulizwe kwanza yule ambaye kesho asubuhi atakosa kitu.

Sasa na tushuke ziwani, maana huko swali ni gumu zaidi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, nalo limezungukwa na nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwa kuwa ni refu kwenda chini, mbolea yake nyingi imelala kilindini, na upepo wa kusi ndio huyachochea maji ikapanda juu kuwalisha wadudu wadogo wanaoliwa na dagaa. Maji ya juu yakizidi joto, hukaa juu kama mafuta, hayachanganyiki vema na ya chini, na chakula cha dagaa hupungua. Maji hayo yamekuwa yakipata joto kwa miaka mingi, kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali, na jambo hilo mvuvi wa Katonga hakulifanya. Juu ya hayo, vyombo vya uvuvi vimeongezeka sana, na nyavu za macho madogo huchukua hata watoto wa samaki. Hilo ni letu wenyewe.

Basi mwaka 2024, kwa mapatano ya nchi zile nne, ziwa lilifungwa tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, samaki wapate kuzaa na kukua. Miezi mitatu. Wako waliosema ni dhuluma, na wako waliosema ni hekima. Mimi naona kwamba wote wawili walisema kweli, kila mmoja juu ya watu mbalimbali.

Wavuvi wa dagaa wamekwisha kuzoea kukatazwa. Dagaa hufuata nuru ya taa, na mbalamwezi ikiangaza taa haifai kitu. Kwa hiyo kila mwezi, siku za mwezi mpevu, vyombo hupumzika, nyavu hushonwa, na wanaume hukaa nyumbani. Hakuna aliyepata kulalamika juu ya mwezi. Kwa nini? Si kwa sababu mwezi hauwezi kushtakiwa tu. Ni kwa sababu huwakataza wote sawasawa, tajiri na maskini, wa Kigoma na wa Kalemie, tena kila mtu ajua tangu mwanzo lini utaanza na lini utakwisha. Zamani, neno la kufunga ziwa liliposemwa, wavuvi waliuliza: sisi tukikaa na wale wa ng'ambo wakivua, tumepata nini? Swali hilo lilikuwa la haki kabisa, na mapatano ya nchi nne ndiyo jibu lake. Katika jambo hili katazo la 2024 lilijaribu kufanana na mwezi.

Lakini mwezi hukataza siku chache, na siku chache mtu aweza kuzivumilia kwa akiba ya muhogo. Miezi mitatu ni jambo jingine. Mwenye vyombo vitano ana nyumba, labda ana duka, yeye atapita. Kibarua wake, anayelipwa fungu la samaki waliopatikana usiku ule, hana fungu pasipo usiku. Na mama anayengoja alfajiri ufuoni na beseni lake, anunue dagaa wabichi, awaanike, awauze, arudishe mkopo, yeye hatajwi katika orodha ya wavuvi. Tunapenda kukumbushana habari za Yusufu katika Misri, aliyeweka nafaka miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Ni mfano mwema, illa tukumbuke ya kuwa Yusufu alikuwa na ghala za Farao. Mama wa beseni hana ghala; akiba yake yote ni dagaa wa jana. Kumwambia ajiwekee akiba, kabla ya kumwonyesha njia ya kupata cha kuweka, ni kumsomea somo tu.

Hapo ndipo lile jambo la pili, la kazi, linapokuwa zito kama lile la sauti. Siku hizi husemwa habari za kazi za kijani, yaani kazi zimpazo mtu riziki pasipo kuila nchi inayomzaa. Jina ni jipya. Kazi nyingi zenyewe si mpya, zahitaji kutengenezwa tu. Chukua uanikaji wa dagaa. Wakitandazwa juu ya mchanga huchanganyika na mchanga, kuku huwapitia, na mvua moja ya ghafula huwaharibu wote. Bei yao ni ya chini na sehemu hutupwa. Wakitandazwa juu ya vichanja vilivyoinuliwa, upepo huwapita juu na chini, hukauka upesi na kwa usafi. Katika nchi jirani ya Burundi, kwenye mwambao huu huu, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifundisha vichanja hivyo mwaka 2004, na wengine waliiga kwa kuona tu. Hapa mtu haambiwi avue zaidi. Aambiwa asitupe alichovua. Dagaa yule yule ampa mama fedha zaidi, na ziwa halikuulizwa lo lote. Lakini kichanja kimoja cha mtu mmoja hakitoshi. Wakiungana akina mama ishirini, waweza kununua nyavu za vichanja kwa pamoja na kukataa bei ya dhuluma ya mlanguzi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Chukua tena mchikichi, mti ambao bila huo Kigoma si Kigoma. Wasafiri waliofika Ujiji katika karne ya 19 walikuta mawese na samaki wakavu wakiuzwa sokoni. Mchikichi wa kienyeji una kokwa nene na nyama chache. Ule uitwao tenera, uliopatikana kwa kuchanganya mbegu mbili, una kokwa nyembamba na nyama nyingi, nao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Kituo cha utafiti cha Kihinga huzalisha miche yake, na mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha Kigoma juhudi kubwa ya kuendeleza zao hilo, kwa kuwa nchi yetu bado huagiza mafuta ya kula kutoka ng'ambo. Ni habari njema, lakini si ya kufurahia kwa macho yaliyofumbwa. Katika Indonesia na Malaysia misitu mikubwa ilifyekwa ili kupanda mti huo huo. Mchikichi uliopandwa katika shamba lililochoka ni baraka. Uliopandwa mahali pa msitu wa kijiji ni shoka kwa jina jingine. Tena mawese huchemshwa, na kuchemsha kwataka kuni nyingi. Asiyefikiri habari ya jiko banifu, na ya kutumia makapi ya chikichi yenyewe kuwa kuni, atakata kwa mkono wa kushoto mti alioupanda kwa mkono wa kuume.

Kahawa ya milima ya Kalinzi, iliyounganishwa katika ushirika wa Kanyovu, ni mfano wa tatu, wala sitaurefusha. Asali ni wa nne: mzinga wa magome humenya mti ukafa, bali mzinga wa mbao huuacha mti mzima, na mwenye mizinga kumi huwa mlinzi mkali wa msitu kuliko askari ye yote, maana maua ya miyombo ndiyo shamba lake.

Bado neno la chakula. Ni jambo la kushangaza kwamba mahali penye dagaa na mawese, mtoto aweza kula ugali wa muhogo mtupu. Muhogo hujaza tumbo, lakini haujengi mwili. Dagaa aliyeliwa mzima pamoja na mifupa yake hujenga mwili na kuimarisha mifupa. Mawese mekundu yana kile kinacholinda macho ya mtoto asipofuke usiku. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika nchi nzima mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa karibu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tukisema habari ya haki, tusiishie kwenye mkutano wa kijiji. Mwanamume akiuza beseni lote kwa mchuuzi wa mbali, na fedha zikaishia njiani, amekwisha kuwakataza watoto wake chakula, wala hakuwauliza. Vyama vya akina mama vya kuweka na kukopa vimefanya zaidi ya hotuba katika jambo hili. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu, hata hakuna awezaye kulifungua peke yake; na mama mwenye hisa sandukuni hupata pia neno la kusema mezani kwake.

Yuko atakayenipinga akisema: kazi hizi zote zililetwa na wageni wenye fedha, na fedha zikikoma zitakoma. Hofu hii ni ya kweli. Tumeona miche mingi iliyokauka katika bustani siku chache baada ya gari la mradi kuondoka. Mimi hutazama jambo moja tu nipate kujua kama kazi ni ya kijiji au ya wageni: je, watu wamewahi kubishana juu yake gari lilipokuwa halipo? Kama wamegombana juu ya mpaka wa msitu, wakatozana faini, wakasuluhishana wenyewe, msitu ule ni wao. Kama wananyamaza mpaka mgeni aje, ni wake.

Na katika ubishi huo liko swali moja ambalo vijiji vyenye misitu havina budi kulimaliza mapema. Walinzi wale waliochaguliwa, ambao hupanda mlimani na kuhesabu visiki na mitego, wengi hufanya hivyo kwa kujitolea. Asubuhi moja mlinzi amwona jirani yake ameangusha mti. Ajua ya kuwa jirani yule ana watoto wanne na hana shamba. Ajua pia ya kuwa yeye mwenyewe hana chakula cha jioni, na gunia moja la makaa lingewatosha wote wawili wakigawana na kunyamaza. Halmashauri ikikaa mwezi ujao kugawa ada za asali na faini zilizokusanywa, na lianze kwanza fungu la mlinzi huyo, na la pili liwe la jirani yake, mizinga miwili ya mbao na nafasi ya kuitundika ndani ya msitu ule ule.